Chawa Hawafukuzwi kwa Kumfukuza Mtoto

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, hufanyika katika shule nyingi za msingi nchini ukaguzi wa usafi. Wanafunzi hupangwa mistari, na mwalimu wa zamu hupita mbele yao akitazama kucha, meno, kola za mashati na vichwa. Desturi hiyo ni njema, na hapana mzazi mwenye akili timamu anayeweza kuilaumu. Walakini ndani ya desturi hiyo njema limejificha tendo baya, ambalo limezoewa mno hata halionekani tena kuwa baya. Mtoto anayekutwa na chawa hutolewa mstarini mbele ya wenzake, hutajwa kwa sauti, huchekwa, na aghalabu huamriwa aende zake nyumbani asirudi mpaka awe safi. Anayeamriwa ni mtoto wa miaka 8. Anayeamuru ni mtumishi wa umma aliyeajiriwa ili amfundishe.

Katika nyanda za juu za Karagwe, na katika Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe na kufanywa wilaya mwaka 2012, jambo hili lina uzito wa pekee. Bugene, iliyo jirani na mji wa Kayanga, haiwezi tena kuitwa mahali palipotupwa pembezoni mwa nchi. Barabara ya kutoka Kyaka hadi Bugene, yenye urefu wa kilomita 59.1, imekwisha kuwekwa lami. Kahawa, maharage na ndizi hushuka kwa njia hiyo kwenda Bukoba na Mwanza, na bidhaa za mjini hupanda kwa njia hiyo hiyo. Lakini lami haibadili hali ya hewa. Asubuhi za Bugene ni za baridi na ukungu, na katika nyumba ya mkulima wa kawaida watoto watatu au wanne hujifunika blanketi moja, vichwa vikiwa vimekaribiana ili wapate joto. Mchana watoto hao hao huketi watatu watatu katika dawati moja, wakiinamia kitabu kimoja. Jioni wasichana husukana nywele barazani, kichwa cha mmoja kikiwa kimelala mapajani mwa mwenziwe.

Chawa wa kichwani hahitaji kitu kingine zaidi ya hicho. Mdudu huyo, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, sawa na punje ya ufuta, hana mabawa wala hawezi kuruka kama kiroboto. Hutambaa tu. Hutoka kichwa hadi kichwa pale vichwa vinapogusana, na hiyo ndiyo njia yake kuu. Jike hutaga hata mayai 8 kwa siku, akiyagandisha kwenye unywele karibu na ngozi, ambako joto la mwili huyaatamia. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, na katika muda wa siku 9 hadi 12 nyingine chawa mchanga amekuwa mzima na ameanza kutaga. Akiondolewa kichwani akakosa damu, hufa katika siku moja au mbili. Maji hayamtishi, kwani huweza kushikilia unywele na kustahimili kuzama kwa saa kadhaa.

Msomaji aiangalie tena orodha hiyo ya tabia za chawa, atafute ndani yake mahali palipoandikwa uchafu. Hapapo. Chawa wa kichwani hali taka, hazaliwi na jasho, wala haulizi kama kichwa kimeoshwa jana au juma lililopita. Anachotaka ni damu, joto, na kichwa kingine cha karibu. Chawa wa mtoto aliyeoga asubuhi ni mzima sawasawa na chawa wa mtoto ambaye hakuoga. Basi mwalimu anayetamka mbele ya mstari kwamba mtoto fulani ana chawa kwa kuwa nyumbani kwao ni wachafu, anafundisha uongo. Na kwa bahati mbaya uongo huo unafundishwa mahali ambapo watoto wote wanasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikiliza somo la sayansi.

Ushahidi uko wazi kwa kila mwenye kutaka kuutazama. Nchini Marekani, katika nyumba zenye maji ya moto bombani na sabuni za kila rangi, inakadiriwa kuwa watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 hupatwa na chawa mara milioni 6 hadi milioni 12 kila mwaka. Matajiri wa huko hulipa watu maalumu waje kuwachana watoto wao nywele. Kwa upande wa Afrika, uchunguzi uliofanywa katika shule za mji wa Woreta, kaskazini magharibi mwa Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta chawa katika vichwa vya karibu wanafunzi wawili kati ya kila watatu. Maskini anao na tajiri anao. Tofauti yao ni kwamba mtoto wa tajiri hununuliwa dawa kwa siri, na wa maskini hutangazwa.

Kuna dhana nyingine ambayo imeenea hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba chawa wa kichwani ni wa watu wenye nywele za singa, na Mwafrika mwenye nywele za kipilipili amesalimika. Dhana hii imetokana na habari za Marekani, ambako watoto weusi hupatwa kwa uchache zaidi kwa sababu kucha za chawa wa huko zimezoea unywele wa mviringo. Chawa wa Afrika amezaliwa Afrika na amezoea nywele za Afrika. Wataalamu wa Leipzig waliochunguza mbegu za urithi za chawa na kutoa matokeo yao mwaka 2003 walikuta kwamba chawa wa Afrika wana tofauti nyingi zaidi baina yao kuliko chawa wa mabara mengine, alama kwamba mdudu huyu alianza safari yake hapa pamoja na binadamu. Ni mwenyeji wa zamani mno kuweza kuitwa ajabu anapoonekana katika Darasa la Pili. (Neno lenyewe siku hizi limehamia pia katika siasa, ambako huitwa chawa yule anayeishi kwa kumsifu mkubwa. Huyo hapimwi mstarini Jumatatu, na ni hasara.)

Kwa nini basi chawa ameogopwa hivi? Woga una historia yake, nayo ni historia ya chawa mwingine. Chawa wa nguo, anayeishi katika mishono ya mavazi na kuja mwilini kunyonya tu, ndiye aliyeua majeshi. Mwaka 1909, mjini Tunis, daktari Charles Nicolle aligundua kwamba chawa wa nguo ndiye mwenezaji wa homa ya taifasi, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1928. Habari hii si ya mbali kwa watu wa Kagera. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka wakaingia Ngara na Karagwe, wengine wakiwa na nguo moja tu mwilini. Na katika nchi ya jirani ya Burundi, kati ya mwaka 1995 na 1997, taifasi ililipuka magerezani na katika kambi za waliokimbia vita, ikawapata makumi ya maelfu ya watu. Aliyeieneza ni chawa wa nguo. Kwa huyo ni kweli kwamba ukosefu wa maji, sabuni na nguo ya kubadili ndio chanzo. Lakini hata hapo, nani awezaye kumlaumu mkimbizi kwa kuwa na nguo moja?

Chawa wa kichwani haenezi taifasi. Huwasha, humkosesha mtoto usingizi, humfanya ajikune mpaka ngozi ichubuke na vidonda viingie usaha. Hiyo ni taabu ya kutosha kustahili tiba. Haitoshi kustahili hukumu.

Yafaa sasa kulitazama lile ambalo shule zimelifanya kuwa tiba, nalo ni kunyoa. Kunyoa kunaondoa chawa, na kulikanusha jambo hili kungekuwa upuuzi, kwa kuwa pasipo unywele hakuna pa kugandisha yai. Utaratibu wa wanafunzi wa shule za msingi kukata nywele fupi una faida yake na wazazi wengi wanaukubali. Kinacholaumiwa ni jinsi unavyotekelezwa. Watu wengi waliosoma katika shule za nchi hii wanakumbuka mkasi wa mwalimu uliopita katikati ya kichwa na kuacha njia, ili mtoto alazimike kwenda kunyolewa hiyo njia aliyochorwa. Mkasi ule ule ulitoka kichwa cha kwanza ukaenda cha pili na cha kumi. Na nyumbani, wembe mmoja ulimaliza vichwa vya ukoo mzima.

Hapo ndipo mapunye huingia. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi wa ngozi ya kichwa, nao huambukizwa kwa kugusana na kwa vifaa vya kunyolea visivyosafishwa. Utafiti wa madaktari uliochapishwa mwaka 2010 juu ya wanafunzi wa shule za msingi za Dar es Salaam ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo la ngozi la aina moja au nyingine, na magonjwa ya fangasi yalikuwa miongoni mwa yaliyoongoza. Chawa huonekana kwa macho na kuchanwa kwa kitana. Mapunye hayatoki kwa kitana wala kwa sabuni, na yakiwa ya kichwani huhitaji vidonge vya kumezwa kwa majuma kadhaa. Shule inayomnyoa mtoto kwa chombo kichafu ili kumwondolea chawa imebadilisha taabu ndogo kwa taabu kubwa, na bado hujisifu kwa usafi.

Tena jambo hili linatendeka Kagera! Mkoa huu ndio uliotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983. Wazee wa Karagwe na Bukoba walizika watoto wao kabla ya wengine hawajajua jina la ugonjwa. Kwa miaka mingi baadaye redio, makanisa, misikiti na waganga wa zahanati walirudia neno moja bila kuchoka, kwamba wembe haushirikiwi. Hatari ya wembe kwa Ukimwi ni ndogo kuliko ya njia nyingine, lakini homa ya ini hupita katika damu kidogo sana. Somo hilo lilikwisha kueleweka. Kama kuna shule moja katika mkoa huu ambako chombo kimoja cha kunyolea bado huzunguka vichwa vya darasa zima pasipo kusafishwa kwa dawa, mwalimu mkuu wake hana kisingizio cha kutojua.

Na kumfukuza mtoto kunaleta nini? Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto aliyerudishwa Jumatatu, mama yake akiwa shambani na baba akiwa mgodini Kyerwa au safarini, atarejea shuleni Alhamisi ikiwa mambo ni mema. Mayai yaliyosalia yataanguliwa katika juma linalofuata, naye atafukuzwa tena. Mwenzake wa dawatini, ambaye chawa wake hawajaonekana, amebaki darasani akiwagawia wengine. Kwa hiyo shule imepoteza siku za mmoja na haikuokoa kichwa cha yeyote. Wataalamu wa magonjwa ya watoto wa Marekani waliyapima mambo haya, na chama chao kikatoa mwongozo mwaka 2010 na tena mwaka 2022, kwamba mtoto mwenye afya nyingine njema asizuiwe kuhudhuria masomo kwa sababu ya chawa wala mayai yao. Hoja yao ni nyepesi. Siku chawa anapoonekana, mtoto huyo huenda ameketi naye darasani kwa mwezi mzima au zaidi. Saa chache za mwisho haziongezi kitu.

Aibu nayo inaua kwa njia zake. Mzazi aliyetahayarishwa hatamwendea mganga wa zahanati. Atatafuta dawa ya haraka ili mtoto asichekwe tena kesho. Wako wanaopaka mafuta ya taa, ambayo huchoma ngozi na yanaweza kushika moto mtoto akisogea jikoni penye kuni. Wako wanaochukua dawa ya kupulizia kahawa au ya kuhifadhia maharage na kumwagia mtoto kichwani, ilhali sumu hizo hupenya katika ngozi iliyochubuliwa na kucha. Mtoto anayetibiwa hivyo hana namba katika daftari la wenye chawa, kwa kuwa hakupelekwa zahanati kwa ajili ya chawa. Ataandikwa siku atakapopelekwa kwa sumu.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika hana wakati wa kumbembeleza mtoto mmoja mmoja. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 2001, na elimu bila malipo ilipopanuliwa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia darasani, na ilikuwa haki yao. Uwiano uliopangwa wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 umebaki katika karatasi katika shule nyingi za vijijini. Lakini mzigo huo haupunguzwi kwa kumwondoa mtoto dhaifu kuliko wote. Wala kazi hii si ya mwalimu peke yake. Yuko Bwana Afya wa kata, iko zahanati, iko kamati ya shule, na iko halmashauri ya wilaya yenye idara mbili, ya elimu na ya afya, ambazo ofisi zake zimetenganishwa na ukuta mmoja na huandikiana barua kama nchi mbili.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakufukuzwa mahali. Walielezwa ugonjwa unatoka wapi na mdudu wake anaishi vipi, wakaachiwa akili zao zifanye kazi. Miaka 50 na zaidi imepita, na mtoto wa wajukuu wa watu wale anaambiwa tu kwamba ananuka.

Upande mwingine, angalia jinsi mambo yanavyokwenda upesi ugonjwa unapotisha wakubwa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, ukawapata watu 9 na kuua 6, ndoo za kunawia na sabuni zilionekana katika milango ya ofisi na shule kwa muda mfupi sana. Januari 2025 ugonjwa ulipotokea tena, safari hii Biharamulo, na kuua watu 10, ndoo zilirudi. Hivyo ndoo zipo na fedha zake hupatikana. Swali ni kwa nini zihitaji maiti kwanza.

Maji hayaui chawa wa kichwani, kama ilivyokwisha kuelezwa, lakini bila maji hakuna kuchana nywele mbichi, hakuna kusafisha chombo cha kunyolea, hakuna kuosha vidonda. Vijiji vya Karagwe vimekaa juu ya vilima na maji yako bondeni, na anayetumwa kuyapandisha ni mtoto huyo huyo. Hata hivyo mvua hunyesha Bugene misimu miwili kwa mwaka. Jengo la madarasa matatu, kila darasa likiwa na mita 9 kwa 7, lina bati la mita za mraba zipatazo 190. Mvua ya milimita 10 tu, ambayo ni ya alasiri moja, huteremsha juu ya bati hilo lita 1,900. Mahali pasipo na mfereji wa bati na tangi, lita hizo huchimba makorongo katika uwanja wa shule.

Tiba yenyewe si ya anasa. Kitana chenye meno ya karibu karibu, kikipitishwa katika nywele zilizolowanishwa na kupakwa mafuta ya kula au sabuni, kila baada ya siku chache kwa muda wa wiki mbili, huondoa chawa bila sumu yoyote. Dawa ya permethrini ya asilimia 1 huua chawa kwa kupakwa mara moja na kurudiwa kama siku ya tisa, baada ya mayai kuanguliwa na kabla ya watoto wake kutaga. Permethrini imetengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, na Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pareto duniani. Wakulima wa Mbeya na Iringa huchuma maua hayo, hukaushwa, hukamuliwa na kusafirishwa nje, huko yakaingia katika chupa za kuulia wadudu wa mataifa mengine. Mwalimu wa Bugene amebaki na mkasi.

Zanzibar nako kuna funzo. Tangu mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walipewa kwa pamoja vidonge vya ivermectini na albendazoli ili kukomesha matende, na waganga wakaona kwamba hata upele ulipungua sana katika vituo vyao, kwa sababu ivermectini humwua mdudu wa upele pia, na chawa humdhuru vile vile. Si shauri kwamba Karagwe igawiwe vidonge kwa ajili ya chawa. Lakini watu wa idara ya afya wanaopanga kampeni za magonjwa yasiyopewa kipaumbele wangeweza kuzichungulia shule siku hizo hizo wanapokwenda kugawa dawa za minyoo, kwa gari lile lile na posho ile ile.

Kwa shule moja, kazi huanza hivi. Ukaguzi wa vichwa uondolewe mstarini na kufanywa darasani, mtoto mmoja mmoja, na mwalimu wa afya pamoja na mama mmoja wa kamati ya shule. Akionekana mmoja mwenye chawa, dawati lake lote na ndugu zake wote wachunguzwe siku hiyo. Mzazi aitwe kwa barua iliyofungwa, aelezwe kuhusu kitana na siku ya tisa, akatazwe mafuta ya taa na sumu za shambani. Kila mtoto anyolewe kwao kwa wembe wake, na shule yenye mashine ya kunyolea iwe na chupa ya dawa ya kuisafishia kabla ya kila kichwa. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu apeleke kwa Afisa Elimu Kata na kwa Bwana Afya hesabu mbili, idadi ya waliochunguzwa na idadi ya waliokutwa nao. Na mtoto aliyekutwa nao aketi katika dawati lake, aendelee na hesabu zake.